Darasa Lenye Madirisha ya Kanisa

Harufu ya saruji mbichi iliyomwagiwa maji hunirudisha mbio, jamani, hadi mlimani juu ya Tengeru, mwaka niliokuwa darasa la nne. Shule yetu ilikuwa shikizi, tawi dogo lililoishia darasa la nne. Ukitaka la tano unavuka mto kwenda shule mama, na mto ule ukijaa masika hauna utani. Dada yangu Upendo alibaki nyumbani kila ulipofurika, hadi akarudia darasa. Zamu yangu ilikuwa inafuata, na niliogopa kweli kweli.

Njia ilikuwa moja tu. Wananchi wasimamishe boma, yaani kuta za darasa bila paa. Mratibu Elimu wa kata aje alikague. Akilikubali, halmashauri inaleta bati. Mama yangu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, basi nyumbani kwetu hapakulalika. Alfajiri tulishuka mtoni na ndoo, watoto kwa kina mama, tukapanda na mchanga kichwani huku tukiimba na kutaniana. Nawaambieni, sijawahi kufanya kazi nikacheka vile!

Shida ilikuwa fundi. Fundi Elisante alikuwa mzee wa usharika, hodari, anajitolea kwa moyo, ila maisha yake yote alikuwa amejenga makanisa tu. Kuta zilipopanda, tukaona madirisha yamechongoka juu, na mbele, penye ubao, kajukwaa ka ngazi mbili kama madhabahu. Sisi watoto tulilipenda boma lile hadi basi. Mama alilitazama, akashika kiuno.

"Elisante, umetuweza," akasema.

Mratibu alikuja na pikipiki, ramani ya halmashauri ameikunja kwapani. "Shikamoo mwalimuuu!" tukamwamkia kwa pamoja. Akaitikia, akalizunguka boma. Akapima kwa futi kamba, akafungua ramani, akatazama madirisha, akarudi kwenye ramani. Mweh!

"Mama mwenyekiti, hili ni darasa au kanisa?"

"Ni darasa, mwalimu. Ila ukitaka kusali, hatukuzuii."

Watu wakaziba midomo. Yeye hakucheka. Akauliza darasa la nne ni akina nani. Tukasimama, saruji imetukaukia hadi magotini. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akageuka akautazama mto kule bondeni. Akaikunja ramani.

"Andaeni mbao za kenchi, paa lipate pa kushika," akasema. "Bati zinakuja."

Wee! Vigelegele vilisikika hadi ng'ambo. Mama alininyanyua, mkubwa mzima mimi, akanizungusha hadi kilemba kikamdondoka. Na kweli bati zilikuja, na la tano nikalisomea palepale.

Kwa miaka mingi niliamini Mratibu alivutiwa na madirisha yetu. Leo mimi ndiye Afisa Elimu wa kata, jina jipya la kazi ileile ya Mratibu, huku huku Meru, ninayeshuka kwenye pikipiki na futi kamba. Ramani naijua kwa kichwa. Boma likienda kinyume nayo unatakiwa ulikatae. Ukilikubali unasaini jina lako, na wakubwa wakija kuuliza wanakutafuta wewe. Juzi nimesimama mbele ya boma la watu lililokwenda kinyume na ramani, kalamu mkononi, ndipo nikamwelewa yule Mratibu. Alikuwa na kazi ya kupoteza na watoto wake wa kulisha, akasaini. Na mimi siku ile hata kumuaga sikumuaga. Nilikuwa nimeshakimbilia ndani ya boma kuchagua pa kukaa.