Koma Mbili na Ua wa Miiba

Nakumbuka siku moja ambayo ningependa kuisahau, mwanangu. Nilikuwa nimetoka Magadi kwa lifti za malori, nikakuta bati jeupe limesimamishwa kwenye shamba letu hapa Kitengela. Kaka yangu Lemayian, aliyemaliza shule huku mimi nikiachia darasa la saba, alikuwa ameandika: OUR LAND WHICH IS FENCED IS NOT FOR SALE.

"Nisomee," mama akaniambia. Yeye hakujua kusoma.

"Yeyo, mama yangu, inasema shamba letu lililo na ua haliuzwi."

"Na lisilo na ua?"

Nikacheka. Shamba lote lilikuwa na ua: karibu na nyumba seng'enge, kule chini kwa malisho miiba, kama wazee walivyozungushia siku zote.

"Umetembea kote huko na bado husikii," mama akasema.

Broka wa mashamba alikuja wiki hiyo. Akasoma, akatabasamu. "Ile ya seng'enge siigusi, mama. Lakini hii miiba ni fence gani? Si ni kuni tu?"

Nilimgeukia kaka, nikingoja akatae. Hati ilikuwa kwa jina lake.

"Ni vile imeandikwa," akasema.

Malisho yakauzwa. Mama alifunga mbuzi wake kwa kamba mlangoni hadi alipokufa.

Mimi niliuliza kila mtu mwenye Kiingereza, mpaka mwalimu mmoja mstaafu kule Gataka akanichorea chini kwa fimbo: OUR LAND, WHICH IS FENCED, IS NOT FOR SALE. "Kwa koma mbili," akasema, "shamba lote haliuzwi, na ua ni habari ya kuongezea tu. Bila koma, unachagua: lenye ua haliuzwi, lingine tuongee."

"Kaka hakujua?"

"Alipata nini kwa Kiingereza?"

"A."

Mwalimu akafuta maandishi kwa kiatu.

Kwa hivyo, mwanangu, usiweke koma mahali unapovuta pumzi, hata kama shuleni walikwambia hivyo. Jiulize: maneno haya yanaonyesha ni kipi, au yanaongeza habari tu? Kama yanaongeza tu, yawekee koma mbele na nyuma. Kama yanachagua, yaache wazi, na ujue umechagua. Usiseme ni alama ndogo. Mimi nimemzika mama karibu na ukuta wa mtu mwingine.

Enkai, Mungu wetu, akupe ardhi ya kukutosha, na ndugu ambao hutahitaji kuwasoma mara mbili.