Yaya na Nasionali Namba Tano

Yaya, dada yangu mkubwa, anaendesha trela katika jimbo la Iowa, huko Amerika. Kwa miaka mingi alitusimulia barabara zake kwenye simu kama mtu anayetaja majirani: leo nimepita ya themanini, kesho nitashuka na thelathini na tano. Namba shufwa huenda mashariki na magharibi, namba witiri kaskazini na kusini.

"Barabara yenye namba tu, kama mufungwa?" mama alimuuliza siku moja.

Alipokuja Uvira kwa ndoa yangu, Yaya alikataa katakata tutafute dereva mwingine; angeendesha mwenyewe. Kanisa lilikuwa Luberizi, kwao bwana arusi. Mimi na mama tulikaa nyuma, shela langu limejaza kiti kizima.

"Iyi barabara ni namba ngapi?" Yaya aliuliza tulipokuwa tunatoka mjini.

Mimi na mama tulitazamana. Tumeipita maisha yetu yote, kwetu ni barabara ya Bukavu basi. Yaya akamuuliza polisi wa rulaje aliyesimama pembeni akiongoza magari.

"Nasionali namba tano, mama."

"Tano!" Yaya alipiga usukani. "Na tunaenda kaskazini! Hata hapa iko sawa!"

Furaha ile ilikatika tulipopita Sange. Kamio ya mihogo, lori kubwa, ilikuwa imezama matopeni na kukingama njiani. Pembeni palibaki upenyo wa gari moja, kando ya mashamba ya mpunga, na magari ya pande zote mbili yalikuwa yameuingia kwa pamoja. Yalisimama pua kwa pua, honi zinalia, hakuna anayetaka kurudi nyuma. Nilianza kulia, poda ikanichuruzika mashavuni.

Yaya alivua viatu, akakaza kitenge chake, akafungua mlango.

"Unaenda wapi?" mama alimuuliza.

"Kazini."

Alimwomba dereva wa kamio iliyozama kitambaa chekundu, akasimama katikati ya barabara. "Moja toka Uvira, moja toka Bukavu! Zamu kwa zamu!"

Dereva wa kamio ya simenti alicheka. "Mama, weye ni rulaje tangu lini?"

"Minye ni shofere wa trela. Rudi nyuma, nitakuongoza."

Akamwongoza kwa mikono: kushoto, kidogo, simama. Kamio ikarudi bila kugusa mpunga wa mtu. Tangu hapo hakuna aliyemcheka tena, na magari yakaanza kupita.

Mara pikipiki ikaja mbio kutoka upande wa Luberizi, imempakia mwanamume mwenye suti, suruali imejaa tope. Alikuwa bwana arusi wangu, amechoka kungoja na kuja kunitafuta. Yaya akainua kitambaa.

"Shemeji, ngoja zamu yako."

"Yaya, ni minye! Bibi arusi wangu iko pale!"

"Ninamuona. Iko nyuma ya kamio ya ndagala. Utangoja."

Madereva waliangua kicheko. Nami nilicheka mpaka machozi yakanikauka, nikampungia mkono, naye akanipungia, samaki wakiwa katikati yetu.

Zamu yetu ilipofika, Yaya alimkabidhi dereva mwingine kitambaa, akarudi kwenye usukani. Habari ya bibi arusi ilikuwa imeshafika hadi mwisho wa foleni. Tuliingia Luberizi, pikipiki ya bwana arusi mbele na msururu wa kamio nyuma yetu, zote zikipiga honi, na padri akatoka mlangoni kuangalia kuna nini.

Baada ya misa baadhi ya madereva walibaki kula nasi. Yule wa simenti alikaa karibu na Yaya akamuuliza kule Amerika barabara ikoje.

"Nzuri sana. Laini. Unaenda siku nzima bila kusemezana na muntu."

"Hata honi?"

"Hata honi."

Dereva alimtazama kwa huruma, akamwongezea wali.