Msimamizi wa Barua za Singida

Mzee Madatali hakupenda kuonewa huruma. Angejua nawaeleza watu habari zake namna hii, angeninunia mwezi mzima. Lakini wapo watu wa Singida wanaosema mpaka leo kwamba alikuwa na majivuno, na mimi maneno hayo yananichoma. Kwa hiyo acha aninunie huko aliko.

Tulikaa ghorofa moja pale Don Mills, Toronto, yeye na mkewe Bi. Shahbanu mlango wa mwisho kabisa wa korido, mimi mlango unaotazamana na lifti. Naitwa Nyamizi, mzaliwa wa Tabora, kazi yangu kushona mapazia. Nilipohamia jengo lile sikumjua mtu. Siku moja nilikuwa nagombana na mdogo wangu kwenye simu, tena kwa sauti, na nilipokata nikamkuta mama wa Kihindi amesimama kwenye korido ananitazama. Nikajua ananijia juu kwa makelele. Kumbe anacheka.

"Endelea kumsema," akaniambia kwa Kiswahili safi. "Miaka mingi sijasikia mtu akisemwa vizuri hivyo. Wewe wa wapi?"

Nikamwambia Tabora.

"Aa, jirani!" akasema, utadhani Singida na Tabora zinagawana ua. Tangu hapo kila Jumamosi nilikunywa chai kwao.

Bwana Madatali alikuwa karani wa bima, na alipostaafu hakujua pa kupeleka mikono yake. Mwaka elfu mbili na tatu akaanzisha orodha ya barua pepe ya watu waliotoka Singida. Mimi sikuelewa, akanieleza kwa subira ya mwalimu: mtu anaandika barua moja, anaituma kwenye anwani ya orodha, seva inaipokea na kumpelekea nakala kila aliyejiandikisha. Waismailia wenzake wa Singida walikuwa wametapakaa, wengine Leicester, wengine Vancouver, wengine Nairobi na Dar. Wakaanza kuandikiana. Nani huyu kwenye picha ya darasa la sita? Yule fundi baiskeli karibu na stendi aliitwa nani? Wanabishana kutwa kucha juu ya fundi baiskeli, na wote wana vitukuu!

Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi. Jamani, mzee yule aliipenda kazi! Ule ukurasa wa mipangilio ya seva aliujua kama mpishi anavyoijua sufuria yake. Nani anaruhusiwa kuandika. Jibu liende kwa aliyeandika au liende kwa wote. Picha iwe kubwa kiasi gani. Barua ya mtu asiyejulikana itupwe au isubiri. Alikuwa akibadilisha kitu kimoja, anajiandikia barua ya majaribio, anakaa kuisubiri, ikifika anapiga meza, "Imekuja!" Bi. Shahbanu alikuwa akiniambia, "Nyamizi, mume wangu ana mke wa pili, na mwenzangu huyo anakula umeme."

Tatizo lilikuja na misiba. Akifa mtu wa Singida, habari inaandikwa na kichwa chake "Tanzia", na kila mtu anajibu. Kwao kutojibu ni kutangaza ugomvi. Basi watu wote wakijibu kwa wote, kila sanduku linafurika pole, na wazee wasiojua kufuta wanapiga simu kulalamika. Bwana Madatali akatafuta dawa. Akaiagiza seva kwamba jibu lolote la tanzia lisipite. Lisimame mlangoni, limsubiri msimamizi. Yeye anayasoma yote, anayapanga, anayafunga pamoja kama kifurushi, halafu anampelekea mfiwa siku akiwa ametulia. Mfiwa naye anaandika barua moja ya asante kwa wote. Wafiwa wasio na kompyuta aliwachapishia, akatia kwenye bahasha, akaenda posta mwenyewe kwenye theluji.

Na alikuwa mkali! Mtu akimwandikia mfiwa moja kwa moja, anapata karipio: ndugu, pitisha mlangoni, tusivuruge utaratibu. Watu wakazoea. Ikawa ndiyo mila yao.

Kuna mambo mengine mawili aliyoyapanga, na ningeomba uyashike. La kwanza, mlango huo ulikuwa ukipokea pia barua taka za wauza dawa na matapeli, mamia kwa mamia, kwa hiyo aliizuia seva isimpigie kelele kila kitu kinaposimama pale. Alikwenda kuchungulia mwenyewe kila jioni. La pili, chochote kilichokaa mlangoni mwezi mzima bila kuruhusiwa, seva ikitupe. Isafishe njia, alisema.

Februari ya mwaka elfu mbili na kumi na moja Bi. Shahbanu akafa. Moyo. Alikuwa amekaa kitandani anavaa soksi.

Jamaat ya hapa Toronto, yaani waumini wenzao, ilifanya kila kitu, siwezi kuwasema vibaya. Walizika vizuri, walileta vyakula, walikaa na mzee. Lakini wale walimjua Shahbanu mzee, mwenye mkongojo na sukari. Hakuna hata mmoja aliyemjua akiwa msichana wa Singida. Mzee mwenyewe aliniambia, tumekaa sebuleni watu wamekwisha kuondoka: "Dada Nyamizi, nataka kusikia mtu anayemkumbuka kabla yangu." Hilo tu. Hakutaka kingine duniani.

Mwanawe Zain alikuja kutoka Calgary, akaandika tanzia kwenye orodha kwa niaba ya baba yake, akamnunulia simu ya kusomea barua pepe, akarudi kazini. Na mzee akaanza kusubiri.

Akasubiri. Kompyuta ilikuwa chumbani, karibu na kile kitanda, na chumbani hakuingia tena. Alilala kwenye kochi. Alishika ile simu ya Zain mkononi hata akila. Barua za orodha zilikuwa zinaingia kama kawaida. Mtu wa Leicester akaandika jinsi ya kukaanga kachori. Mtu wa Dar akatuma picha ya harusi. Kila simu ikilia nilimwona anavyoshtuka, anavaa miwani, anasoma, anavua miwani. Kachori! Hakuna hata neno moja la Shahbanu.

"Labda wamepatwa na shughuli," nikamwambia, mimi mjinga.

"Wote?" akasema.

Nikamwongezea chai.

Theluji ikayeyuka, joto likaja likapita, na yeye akawa anajifunga taratibu. Jamatkhana, kule wanakosali, akaacha kwenda. Chai ya Jumamosi nikawa nagonga, anafungua nusu mlango, anasema amechoka. Pazia nililowashonea mwenyewe, la maua mekundu, halikufunguliwa tena. Niliona nikiwa chini barabarani. Nilikuwa nikipita na mifuko yangu natazama dirisha lile, naumia. Mtu ambaye alikuwa akinisimamisha kwenye lifti kunieleza habari za seva, sasa tukikutana anatazama namba za ghorofa mpaka tunafika.

Nami nikawachukia watu wa Singida wote, bila kumjua hata mmoja. Nikasema hawa si watu, hawa ni mawe.

Basi mwezi wa tisa akaja mama mmoja karakana kwetu kuagiza mapazia ya sebule. Farhat, anakaa North York. Tukaongea Kiswahili, akaniambia asili yake Singida. Lo! Damu ilinichemka. Nikaweka mkasi chini.

"Mbona hamna haya nyinyi?" nikamwambia. "Mzee Madatali amefiwa, mmeshindwa hata kumwambia pole?"

Akanitolea macho. "Sisi? Tumemwandikia! Mimi nimeandika, dada yangu ameandika, dunia nzima imeandika. Yeye ndiye kapiga kimya. Hata asante hakutupa. Tumesema, haya, labda karani wa bima anatuona sisi takataka."

Nilisimama pale na utepe shingoni. Kisha nikakumbuka habari za mlango. Si kwa ujuzi, jamani, ni kwa kuchoshwa na mazungumzo ya mlango ule miaka minane! Nikamwambia bosi naumwa. Nikatoka.

Niligonga mpaka jirani wa pili akachungulia. Alipofungua nusu, nikaingiza mguu.

"Mzee, majibu ya tanzia yanasimama wapi?"

"Yanasimama mlangoni," akasema kwa uchovu, "yanamsubiri m..."

Hakumaliza. Nilimwona akikumbuka. Akaegemea ukuta, akanitazama kama mtoto aliyevunja kitu cha watu.

Tukaingia chumbani pamoja. Kompyuta ilikuwa na vumbi la kuandikia jina. Akaiwasha, nenosiri akalikosea, akalikosea tena. Ukurasa ukafunguka. Akabonyeza pale penye barua zinazosubiri. Zilikuwepo za juma lile na majuma matatu ya nyuma: za wauza dawa, za mtu anayedai ameshinda bahati nasibu. Basi. Za Shahbanu zilikwisha tupwa tangu Machi. Njia ilikuwa safi kabisa.

"Mzee, ulisahauje mlango uliojenga mwenyewe?" nilimuuliza, na nilijuta kabla sijamaliza kuuliza.

"Dada, siku zote mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka," akasema. "Sikuwahi kufikiri kuna siku nitapelekewa."

Nilimwambia aandike, aombe watu waandike upya. Ebo! Alikataa kama nimemwambia akaombe sadaka njiani. Rambirambi haziombwi, akasema. Mtu hawezi kusimama mbele za watu akasema nililieni. Tukavutana. Nikamwambia wenzako wanakuona una kiburi, na wewe unawaona mawe, na marehemu kakaa katikati hana kosa lolote. Nilisema kwa ukali, sikatai, na nikatokwa na machozi pia, maana mimi nikikasirika ndivyo ninavyokuwa. Mwishowe akavuta kiti.

Aliandika hivi, na ni mimi niliyesimama nyuma yake: "Ndugu zangu. Barua mlizoniandikia juu ya Shahbanu sikuzisoma. Zilizuiwa na utaratibu wangu mwenyewe na zimepotea. Nisameheni. Kama kuna anayemkumbuka, na aniandikie. Madatali." Akaondoa ile amri ya mlango. Akatuma.

Walijibu, siwezi kusema hawakujibu. Lakini miezi saba ilikwisha pita, na machozi ya watu yalikwisha kauka. "Pole tena, mzee." "Poleni sana, Mungu amweke pema." Waliokuwa na nakala za zamani wakazituma, nazo zilikuwa hivyo hivyo, mistari miwili. Farhat aliomba msamaha, aliandika vizuri, ila yeye alimjua Bi. Shahbanu kwa kumwona dukani tu. Mzee alizisoma zote, akamshukuru kila mmoja kwa jina. Nilimtazama akivua miwani, na nikaona bado anasubiri.

"Almina hajaandika," akasema.

Almina alikuwa Vancouver. Yeye na Shahbanu walikaa dawati moja tangu utotoni, wakasukana nywele, wakavaa magauni ya kitambaa kimoja. Kama kuna mtu wa kumkumbuka kabla yake, ni huyo.

Jumamosi nikiwa kwao na chai, simu ikalia. Ni Almina. Mzee hasikii vizuri, akaiweka sauti ya juu, akaiegemeza kwenye bakuli la sukari.

"Madatali, nimekaa kuandika, nimeshindwa," ile sauti ikasema. "Mara ya kwanza niliandika kurasa na kurasa. Mambo yetu yote. Mjukuu wangu kanifundisha kufuta kila kitu, eti kompyuta ipumue. Nimefuta na hiyo."

"Si neno," akasema mzee. "Niambie tu uliandika nini."



"Sikumbuki, Madatali. Wallahi sikumbuki. Niliandika huku nalia, nikatuma, ikaniondoka. Kichwa changu siku hizi si kichwa."

Niliona mabega ya mzee yakishuka. Nilitamani kumkaba yule mama kwenye simu, na nilitamani kumkumbatia. Mzee akaisogelea simu mpaka mdomo ukakaribia kuigusa.

"Ulilia?" akauliza.

"Ati? Unaniuliza kama nililia! Niliweka wali jikoni, ndipo nikafungua barua ya Zain. Nilikaa sakafuni pale pale. Wali ukaungua, nyumba ikajaa moshi, king'ora kikalia, jengo zima wakatoka nje kwenye mvua. Zimamoto wakaja na mashoka yao! Wananikuta sakafuni nalia, wakadhani nimeungua. Kijana mmoja akapiga magoti akaniuliza nina maumivu wapi. Nikamwambia Shahbanu amekufa. Akauliza Shahbanu ni nani. Nikamweleza, na wale wengine wakasimama wakanisikiliza, na makofia yao."

Mzee Madatali alikuwa ameshika ukingo wa meza. Tangu Februari sikuwa nimemwona akilia, na sasa alikuwa analia bila kujificha, machozi yanaingia kwenye ndevu. Nikainuka nimletee leso, akanishika mkono nisiondoke.

"Almina," akasema, "anza tena. Anzia pale ulipoweka wali."