Miguu ya Mama kwenye Barabara ya Kiomboi

Harufu ya mafuta ya nyonyo hunirudisha Misigiri, enzi za Mwingereza, msimu ule mtama ulipokwisha vunwa na mabua makavu yakabaki yakichakarika kwa upepo. Nilikuwa msichana wa miaka minane hivi, nina kidonda chini ya goti kilichonuka hata watoto wenzangu wakanikwepa. Baba alikuwa Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Tabibu wa Kiomboi alimwambia mama bila kuficha: kidonda kisafishwe mara mbili kwa wiki, la sivyo mguu utakatwa. Kunibeba mgongoni mwendo ule wote kulimaliza kutwa nzima, na mara nyingine tulikuta wamekwisha funga. Ndipo mama akaitoa baiskeli ya baba ndani, akavaa kaptula yake chini ya kaniki, akaanza kujifunza katikati ya mabua. Alianguka, akainuka, akaanguka tena.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja na fimbo mkononi. “Shemeji, mwanamke kupanda baiskeli! Unatuaibisha.” Mama alisimama, viwiko vinavuja damu, akamwamkia kwa adabu. “Shikamoo, shemeji. Aibu itapita. Mguu ukikatwa hauoti.” Mzee alitutazama, akaondoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Wiki ya kwanza ya safari mapaja yalimwaka hata akashindwa kuchuchumaa mekoni. Alisonga ugali amesimama. Kisha maumivu yakahamia makalioni na kwenye mashavu ya miguu, yakapanda kiunoni, yakafika mabegani kwa kung’ang’ania usukani mchangani. Jioni nilimkanda kwa mafuta ya nyonyo, naye akiniambia, “Bonyeza, Raheli. Usinionee huruma.” Wiki zilivyopita, viganja vyangu viliikuta misuli ileile imekaza kama kamba iliyosokotwa vizuri. Kwenye kilima cha mwisho tulikuwa tukishuka na kusukuma. Asubuhi moja hakushuka. Alisimama juu ya pedali, nami nilimkumbatia kiunoni nikasikia tumbo lake likikaza kila alipokanyaga, pumzi ikitoka kwa mkoromo. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua tulikuwa juu, mama analia na kucheka, na mbele yetu mabati ya hospitali yanang’aa. Kabla ya mvua za kwanza kidonda kilifunga. Baba mkubwa alipoliona kovu, aliomba mama amfundishe binti yake kuendesha.

Siku hizi gari hutoka Misigiri likafika Kiomboi kabla abiria hawajamaliza kujuliana hali, na wasichana hupita kwenye pikipiki pasipo mtu kugeuza shingo. Nafurahi, sitamani mtoto yeyote ateseke ili apate tiba. Lakini mjukuu wangu anaponung’unika kwamba shule ni mbali, huipandisha kanga yangu kidogo, nikamwonyesha miguu yangu yote miwili, imekonda kwa uzee lakini ipo, kisha nikamwambia avae viatu.