Mtani Aliyelala Kaburini

"Je, maziwa yangu nayo yana ukoma?"

Aliyeuliza alikuwa mwanamke wa rika langu, amekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, kifua cha gauni lake kimelowa. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mtoto hakuwepo. Niligeuza swali kwa Kiingereza nikampelekea sista, mkuu wa wauguzi wa kambi. Alichukua chaki, akachora pembetatu ubaoni.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Waingereza. Kambi ya wagonjwa wa ukoma ilikuwa porini, kupita kijiji cha Kigwa, mbali na reli kiasi kwamba garimoshi lilisikika tu upepo ukikubali. Mimi nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu. Kwa kuwa nilizaliwa Gongoni, huko huko kwa Wanyamwezi, nikiwa na Kinyamwezi cha bibi yangu na Kiingereza cha shule, niliajiriwa kutafsiri masomo ya afya. Kiswahili cha sista kilikuwa cha kuamrisha: lete, toa, osha.

Kwenye kona moja ya pembetatu aliandika mdudu, ya pili mtu, ya tatu mazingira. Ugonjwa unahitaji vyote vitatu, alisema; muuguzi mwema hangoji kutibu, anavunja upande mmoja kabla ugonjwa haujaingia. Mimi nilitafsiri kwa mafiga: ondoa figa moja, chungu kinaanguka. Wagonjwa waliitikia kwa vichwa, kwa adabu. Figa lililoondolewa pale kambini lilikuwa mama. Mtoto wa mgonjwa alichukuliwa akiwa bado na damu ya kuzaliwa, akapelekwa nyumba ya watoto, ng'ambo ya kamba iliyofungwa kwenye miti. Huko alinyonya maziwa ya kopo kwa chupa. Jumapili mama alisimama nyuma ya kamba, na muuguzi akamwinua mtoto dirishani kama mtu anayeonyesha kuku sokoni.

Mimi niliuliza. Nilikuwa katika umri wa kuuliza kila kitu, hata chumvi kwa nini ina chumvi. Nilimuuliza sista mbona yeye anawafunga vidonda wagonjwa asubuhi, na mchana anaingia kwa watoto. Akasema wao wauguzi wananawa. Nikasema basi tuwafundishe na akina mama kunawa. Akanitazama kwa huruma, akasema kwamba kunawa ni tabia, na tabia haitafsiriki.

Mwanamke yule alitaka kitu kimoja. Hakudai tena kunyonyesha, wala hakudai kuondoka na mtoto. Alitaka kumshika, mara moja. Kila Jumapili aliniagiza nikaombe, na kila Jumapili nilirudi na jibu lile lile: mama akishapona.

Mtu pekee aliyemchekesha alikuwa dresa, mzee aliyefunga vidonda na kugawa dawa. Alikuwa Mzaramo, aliyeletwa bara na kazi ya reli, na kwa hiyo alikuwa mtani wetu Wanyamwezi wote. Babu zetu walibeba pembe hadi pwani, wakakutana na babu zake, wakatukanana mpaka wakawa ndugu. Mtani hakosi adabu kwa sababu hana adabu ya kukosa. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, halafu akaniambia nina miguu ya mpagazi.

Siku moja alimkuta mwanamke yule ameegemea mti wa kamba.

"Mnyamwezi wewe," alisema, "babu yako alibeba jino la tembo hadi kwetu. Wewe wamekunyima kubeba hata kitoto cha ratili sita."

Nilidhani atalia. Alimjibu bila kugeuka. "Na babu yako alikuwa amelala chini ya mnazi, anangoja babu yangu afike amlishe."

Dresa alicheka mpaka akashika kiuno. Mwanamke naye alicheka. Wodi nzima ilicheka, na sista akatoka kuuliza nini kimetokea. Nilimwambia wanasalimiana.

Mvua zilipoanza, mtoto akaanza kuhara. Nyumba ya watoto ilikuwa imedekiwa, chupa zilichemshwa, kila kitu kilinuka dawa, na bado watoto wale walihara kila masika. Mama yake aliketi nyuma ya kamba kutwa, mvua inampiga, akisikiliza sauti moja kati ya sauti nyingi. Sauti ilipopungua alijua kabla yetu. Alinituma tena. Sista alisema sasa ndiyo hasa haiwezekani, maana mtoto dhaifu huambukizwa upesi.

Alikufa asubuhi, mama yake akiwa ng'ambo ya kamba.

Walimzika siku hiyo hiyo. Kamba ilivutwa hadi makaburini, wagonjwa upande huu, sista na wauguzi na maiti upande ule. Mtoto alikuwa ndani ya shuka la mpira, lile la kutandikwa chini ya wagonjwa wanaokojoa. Kaburi lilikuwa fupi kama pipa la maji. Sista alipoashiria mtoto ateremshwe, dresa aliruka kamba, akaingia kaburini, akajikunja humo magoti yakiwa juu, akafumba macho.

Wagonjwa waliangua kicheko. Wengine hawakuwa na vidole vya kupigia makofi, wakapiga kwa viganja.

Sista alidhani amelewa. Nilimweleza kwamba huyo ni mtani wa wafiwa, na kwetu mtani akilala kaburini hatolewi kwa nguvu. Anaulizwa anataka nini, anapewa, ndipo maziko yanaendelea. Sista alisema haya, apewe sukari. Nilimwinamia dresa nikamwambia kuna sukari.

"Sukari ale yeye," alisema, macho bado yamefumbwa. "Nataka Mnyamwezi wangu ashike mzigo wake. Akikataa, nifukieni. Nimechoka kula ugali wenu."

Nilitafsiri kila neno. Kicheko kilikatika. Mwanamke alikuwa ameshika kamba kwa mikono yote miwili, hatazami kaburi, anamtazama sista mdomoni, akingoja Kiingereza kitoke.

Sista alifikiri. Nadhani alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililonitia hofu. Akasema inawezekana, kwa masharti. Akaagiza glavu za mpira ziletwe, ndefu, za chumba cha upasuaji. Muuguzi alimvisha mama, kidole kimoja kimoja, mpaka viwiko. Nikauliza glavu zinamkinga nani, maiti au mama. Sista akasema kanuni ikivunjwa leo, kesho haipo.

Wakamwekea mtoto mikononi, shuka la mpira juu ya glavu za mpira. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuitia ganzi mikono yake toka kabla ya mimba. Alikuwa akiungua jikoni bila kujua mpaka asikie harufu. Alisimama ameinua viwiko, anatazama chini, kisha akatutazama sisi.

"Nimemshika?" aliuliza.

Dresa alifumbua macho, akajiinua ukingoni mwa kaburi, udongo nyweleni.

"Umemshika, mtani," alisema. "Shika hivyo hivyo."

Muuguzi alihesabu sekunde kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akamchukua mtoto. Glavu zilichomwa moto nyuma ya jiko. Dresa alipewa barua ya uhamisho wiki iliyofuata, na mimi nikarudi chuoni bila kuaga.

Miaka mingi baadaye, daktari mmoja wa ngozi alinifundisha jambo ambalo nilimwomba alirudie: ukoma wa mabaka machache makavu, ule unaoua hisia za mikono mapema, ndio ambao mgonjwa wake karibu hamwambukizi mtu yeyote.