Kikengele cha Muuza Fimbo

Muuza fimbo za kuvulia hapa kwetu, kando ya Mto Chippewa, hakuuzii kitu kabla hajafunga mshipi wa fimbo kwenye mkanda wake mwenyewe na kukuambia, "Haya, nivute." Anaegemea nyuma, kitambi mbele, jicho kwenye ncha. Fimbo moja ya samaki wawili hataki hata kuisikia: muski, lile lisamaki la meno, unalitupia chambo kutwa kwa fimbo ngumu, kambale anataka ncha laini, ukae uitazame mpaka itikisike. Kila fimbo ya kambale huipa kikengele cha kubana nchani, kilie samaki akivuta, bure. Ardis peke yake ndiye alikuwa akikikataa. "Kamvishe mbuzi wako! Mimi nikisinzia, mume wangu ananitazamia."

Juzi, baada ya mazishi ya mumewe, Verlin, Ardis aliingia. "Nipe moja tu. Ya muski wake na kambale wangu."

Nilingoja yule bwana afoke. Akateremsha fimbo ndefu, akajifunga mshipi, akamwachia Ardis avute.

"Ngumu chini, laini juu," alisema. "Itakufaa."

Kisha akabana kikengele nchani. Ardis hakutaja mbuzi. Tulikisikia kikilia mpaka kwenye gari lake.