Maji ya Bwawa la Juu

Wenzake walimwita Mama Klorini, maana hata akioga mara tatu, harufu ya dawa ya maji haikumtoka mikononi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akisafisha mabwawa ya hoteli ile kubwa ya kifahari. Mpwa wake, binti wa kaka yake, alikaa mapokezi.

"Mtarajie mabwawa saba, masaji ya kila aina, na utulivu msioujua," binti aliwaambia wageni, na wengi walishusha pumzi palepale kama waliotua mzigo.

Bwawa la juu lilijengwa juu ya jengo la masaji. Jumatatu asubuhi Mama Klorini alikuta maji yameshuka vidole vinne. Akasingizia jua. Jumanne yakashuka vidole vitano. Akajaza ndoo, akaisimamisha kwenye ngazi ya bwawa, akatia alama ndani ya ndoo na kwenye kigae cha ukuta. Jumatano maji ya ndoo yalikuwa karibu palepale. Ya bwawa yalikuwa yameshuka tena; basi si jua.

Akateremka hadi ukumbi wa masaji.

Dari ya ukumbi ilipakwa rangi juzijuzi tu, lakini doa pana kama shuka lilikuwa linarudi. Mlango wa chumba cha tatu haukufungika. Msichana wa masaji alikuwa ameuegemezea kiti.

"Umeanza lini huu?"

"Juzi, mama. Fundi anasema mbao zimevimba."

Mama Klorini akaugusa. Mlango ulikuwa wa alumini.

Meneja alimsikiliza macho yakiwa kwenye simu. "Mama, Ijumaa wanaingia wageni mia nne. Wewe jaza maji."

"Bosi, lile bwawa litashuka."

"Lishuke liende wapi?" Akacheka, na katibu wake akacheka kwa adabu.

Mama Klorini hakufungua koki. Ijumaa asubuhi alikuta mtu mwingine amefungua, na bwawa limejaa pomoni.

Saa nane mchana alikuwa akipita kwenye ukumbi wa masaji aliposikia: ta! Kama kijiti kikavu kinavunjwa. Vumbi la saruji likamdondokea begani. Vyumbani watu walikuwa wamelala kifudifudi, macho yamefumbwa, muziki unalia polepole. Akijua kwamba akitaja dari watamuuliza yeye ni nani, alivaa barakoa yake ya kazini na kupiga kelele.

"Klorini imemwagika! Tokeni! Msivae, tokeni!"

Wakatoka mbio, hata waliokuwa wakiogelea bwawa la juu, peku, na mataulo, mmoja uso mzima umepakwa udongo. Mpwa wake akaja kutoka mapokezi anahema. "Shangazi, unanifanyia nini?"

Nyuma yake akaja meneja. Akamvua kitambulisho kifuani mbele ya watu wote, kisha akaelekea ukumbini ananusanusa. "Iko wapi hiyo harufu?"

Mama Klorini akamshika koti. "Usiingie, mwanangu. Nakuomba."

Akajikwanyua. Alikuwa kizingitini bwawa liliposhuka. Maji yakamtupa nje hadi kwenye majani, pamoja na vigae na vitanda vya masaji, mguu umevunjika mara mbili. Hakuna mtu mwingine aliyeguswa.

Wiki iliyofuata binti alimletea shangazi yake barua ya hoteli. Ilisema kwamba mfanyakazi mmoja alimwaga dawa kwa uzembe, dawa ikala saruji. Chini palikuwa na nafasi ya saini.

"Saini tu, shangazi, yaishe. Watakurudisha kazini."

"Umeisoma?"

Binti akatazama viatu vyake.

Mama Klorini hakusaini. Aliipeleka barua ile kwenye ofisi ya ukaguzi wa majengo, akakaa kwenye benchi siku tatu, akiambiwa mhusika katoka, mhusika yuko kikaoni. Siku ya nne mhandisi mmoja mwanamke akamwita ndani. Mhandisi alipofika hotelini na kugonga kuta, alikuta mabwawa mengine mawili yana nyufa na yanavuja vilevile, na chini ya moja kulikuwa na chumba cha kuchezea watoto. Hoteli ikafungwa jioni ileile.

Mpwa wake alikuja kesho yake, hakubisha hodi wala kuamkia.

"Tumefungiwa wote, shangazi. Wafanyakazi mia tatu. Wanataka kujua unakaa wapi."

"Umewaambia?"

Binti akachungulia njiani. Mama Klorini akaenda kufunga dirisha, kisha akarudi kukaa naye kwenye mkeka, bega kwa bega, wakisikiliza viatu vingi vikikaribia.